Shahidi Aliyeibwa Kwenye Friza

Tundu lilikuwa tupu.

Lilikuwa tundu dogo, upana wa ncha ya kidole cha mwisho, kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu themanini na moja, ndani ya friza ya maabara ya hospitali. Matundu mengine yote yalikuwa na vichupa vyao. Hilo moja lilikuwa na ukungu wa barafu tu.

Inspekta aliinama, akachungulia, baridi ikampiga usoni, akainuka huku ameshika kiuno.

"Kimeibwa nini hasa?"

"Shahidi," alijibu mteknolojia wa maabara.

Inspekta alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika upelelezi. Mashahidi aliwaona wakitoroka, wakihongwa, wakiugua ghafla siku ya kesi. Lakini shahidi wa kuibwa kwenye friza? Huyo hakuwahi kumwona.

Pale kituoni walikuwa wameshacheka vya kutosha. Mkuu wa kituo alipokea simu, akasikiliza, akaziba kipokeo kwa kiganja, akatangaza: "Jamani, hospitali wameibiwa mavi!" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Kisha jalada likatua mezani kwa Inspekta, kama yalivyotua majalada yote yasiyo na mwenyewe tangu ijulikane kwamba amebakiza miezi mitano kustaafu. Hakucheka, wala hakukataa. Kazi ya kipuuzi nayo ni kazi. Tena ilikuwa afadhali kuliko kurudi nyumbani mapema. Huko, tangu mkewe afariki, alikuwa amefikia hatua ya kuiaga redio anapotoka.

Mteknolojia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Macho yake yalikuwa mekundu, koti lake jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alisema Inspekta. "Huyo shahidi ni nini?"

"Tunapima kinyesi cha watu wanaoharisha, afande. Zamani tuliwaotesha bakteria kwenye sahani, tukangoja siku mbili tatu waote ndipo tujue ni wa aina gani. Siku hizi tuna kipimo cha molekuli. Mashine hii inatafuta vinasaba vya bakteria ndani ya kinyesi, inavizidisha, inavizidisha tena, mpaka vinaonekana. Saa mbili tu, majibu tayari."

"Haya. Na shahidi?"

"Mashine nayo inaweza kupofuka usijue. Kwa hiyo kila tunapopima tunaiwekea tone la kichupa ambacho tunajua kina vinasaba vya bakteria wote watano tunaowatafuta. Ikiwaona wote watano, macho yake mazima. Ikiwakosa, majibu yote ya siku hiyo tunatupa. Kitaalamu kinaitwa kidhibiti chanya. Sisi tunakiita shahidi."

"Sisi nani?"

Mteknolojia alisita. "Tulikuwa wawili. Mwenzangu alihamishwa mwaka jana. Nimebaki mimi."

"Mtu akimnywa shahidi wako, itakuwaje?"

"Hatapata hata tumbo kuuma. Ni vinasaba vitupu, hamna uhai ndani. Nimemweleza mkurugenzi, hanielewi. Mji mzima unasema nimeuza vijidudu vikatiwe kwenye tangi la maji." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Keshokutwa, Alhamisi saa nne, kamati inakaa. Ufunguo wa friza ni mmoja, nao uko shingoni mwangu. Kunifukuza wanifukuze, lakini barua ikiandikwa neno 'wizi', hakuna maabara itakayonipokea tena mpaka nife. Na mimi sijui kazi nyingine, afande. Sijui kabisa."

"Friza hufunguliwa na nani?"

"Na mimi peke yangu."

"Jana ulifungua saa ngapi?"

"Saa moja na nusu asubuhi, kwa ajili ya barafu. Halafu saa tatu, nilipomtaka shahidi nikamkosa."

Inspekta aliangalia rafu ya chini ya friza. Vilipangwa pale vipande bapa vya barafu, vya kuwekea ndani ya boksi la kubebea sampuli. Akaandika kwenye daftari: "1:30, barafu." Aliandika kwa herufi ndogo, na kosa hilo dogo lilimpotezea siku nzima.

"Ni mara ya kwanza kupotea?"

Mteknolojia aliangalia sakafu. "Wiki tatu zilizopita nilikuwa na vichupa viwili, nikakuta kimoja. Nilidhani nimehesabu vibaya. Ukifanya kazi peke yako, unamwuliza nani?"

Inspekta aliomba karatasi zote zilizotoka kwenye mashine kwa muda wa wiki tano, akaenda kuzisomea kwenye ukumbi wa wodi ya kuhara. Hapakuwa na kiti kwingine.

Pembeni yake, sakafuni, fundi mwashi mmoja alikuwa amelala juu ya godoro jembamba, midomo imemkauka, chupa ya maji ya mshipa imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha. Mikono yake bado ilikuwa na saruji kwenye kucha.

"Mbona yuko chini?" Inspekta alimwuliza muuguzi.

"Vyumba vya kutengea wagonjwa viko vinne, afande, vyote vina watu. Nimpeleke wapi, kichwani kwangu?"

Inspekta alisoma. Hakujua kipi kina maana na kipi hakina, kwa hiyo alisoma kila kitu, mstari kwa mstari, kwa kidole, kama alivyosoma maelezo ya washtakiwa. Mtaalamu angeruka. Yeye hakuwa na ujuzi wa kuruka. Ilipofika saa tisa alasiri kidole chake kilisimama.

Alimkuta mteknolojia kwenye benchi la getini. Alikuwa amesimamishwa kazi tangu asubuhi, lakini hakwenda nyumbani, maana angesema nini huko?

"Hebu tazama hapa. Mgonjwa wa chumba cha nne. Wiki mbili za mwanzo, bakteria mmoja. Kuanzia wiki ya tatu, watano. Kila kipimo, watano. Huyu mtu ana magonjwa matano kwa mpigo?"

Mteknolojia alisoma. Mkono ukamwendea mdomoni.

"Mama yangu! Huyu si mgonjwa, afande. Huyu ni shahidi."

"Mbona hukuona?"

"Mgonjwa wa kurudia kipimo nilishamjua ana nini. Juu ya karatasi mashine inaandika neno moja, CHANYA. Nasoma hilo, natia alama, naenda kwa mwingine. Sampuli sitini kwa siku! Zamani mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akaandika. Kosa kama hili lisingepita."

"Na zile sahani za kuotesha, bado mnazitumia?"

"Kwa kulinganisha tu. Hakijaota kitu tangu wiki ya tatu. Tukasema ni dawa zimewaua. Sahani huotesha bakteria walio hai tu. Kipimo cha molekuli kinaona hata maiti zao."

"Kwa hiyo mtu anamtia shahidi kwenye sampuli ya chumba cha nne."

"Ili iweje?"

"Sheria ya kutoka chumbani ni ipi?"

"Vipimo viwili vya molekuli vikiwa hasi, anaruhusiwa."

"Basi ni ili asitoke."

Nani anataka mtu asitoke hospitali? Inspekta alifikiria urithi, akafikiria nyumba, maana uzoefu ulimfundisha kwamba nyuma ya mgonjwa aliyefungiwa mara nyingi pana hati ya nyumba. Alipiga simu mbili. Mgonjwa wa chumba cha nne alikuwa mwanamke mstaafu, mpiga chapa wa ofisi za serikali kwa miaka arobaini. Alipanga chumba kimoja, na kodi alishalipa. Hakuwa na hati wala mrithi wa kugombana naye. Njia hiyo ikafa palepale.

Jumatano asubuhi alikwenda chumba cha nne mwenyewe.

Vyumba vya kutengea wagonjwa vilikuwa na madirisha yaliyoelekea uani, na mgeni alizungumza na mgonjwa kupitia hapo. Chini ya dirisha la nne palikuwa na kreti la soda lililopinduliwa. Juu yake pamekunjwa gunia, na gunia limesagika katikati kwa kukaliwa. Madirisha mengine hayakuwa na kreti. Inspekta alikaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwanamke alishusha miwani puani akamkagua. Wodini walimwita Bibi Chapa. "Hapo ulipokaa, baba, pana mwenyewe."

"Nani?"

"Barafu. Leo amechelewa."

"Barafu inachelewa vipi?"

"Si barafu ya kwenye glasi! Barafu mtu. Anayebeba boksi la sampuli. Asubuhi anachukua vipande vyake vya barafu maabara, anapita vyumba vyote, kwangu anamalizia."

Inspekta alifungua daftari. "1:30, barafu." Alitoa kalamu, akaigeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa. Kumbe jina la mtu huyo alilisikia tangu jana. Mteknolojia hakumficha. Aliulizwa nani hufungua friza, akajitaja mwenyewe. Anayefunguliwa mlango kila asubuhi hakumhesabu kuwa ni mtu wa kutajwa.

"Huwa anakaa hapa?"

"Hukaa."

"Mnaongea nini?"

"Aa, ya dunia. Ananisomea vibao vya maduka aliyopita njiani, mimi namtafutia makosa ya herufi. Juzi kapita mahali pameandikwa 'Tunauza mayayi'. Mayayi, baba! Tulicheka mpaka Sista akaja kutufokea."

"Na ndugu? Watoto?"

"Nina mwanangu, yuko mbali. Ananipigia Jumapili, dakika tano. Tatu katika hizo ni 'mama, unanisikia?'"

"Mama, unaumwa?"

"Karatasi zinasema naumwa."

"Sijaziuliza karatasi."

Vidole vya Bibi Chapa vilianza kugonga shuka, kimoja kimoja, kama mtu anayechapa barua. "Nilichapa barua za wakubwa miaka arobaini," alisema. "Mpiga chapa mzuri hasomi anachochapa. Niulize jingine."

Hakuuliza jingine, kwa sababu hatua zilisikika uani.

Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka sitini hivi, boksi la buluu limening'inia begani kwa mkanda. Alimwona askari juu ya kreti lake, akasimama. Hakukimbia. Aliliweka boksi chini polepole, akalifuta vumbi kifuniko kwa kiganja.

"Habari za asubuhi, Bibi," alisema kwanza dirishani. Kisha akamgeukia Inspekta. "Twende, afande. Nilikuwa nije mwenyewe. Nilitaka kwanza nimuage."

Chini ya vipande vya barafu ndani ya boksi kulikuwa na kichupa kimoja, kimetumika nusu.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na kompyuta kuukuu. Inspekta alimsomea onyo, kwamba halazimiki kusema lolote na atakalosema litaandikwa.

"Kazi yako?"

"Nabeba."

"Unabeba nini?"

"Unajua ninachobeba, afande. Ndiyo maana watu hawanipi mkono. Miaka kumi na miwili, wakiniona na boksi wanabana ukuta. Hata chai nakunywa nimesimama nje."

"Bibi Chapa je?"

"Siku ya kwanza alinipa mkono kupitia dirishani. Sista akamfokea, nenda kanawe! Akasema, nitanawa, lakini ngoja nimalize kusalimia." Barafu alitazama kiganja chake. "Tangu nizaliwe sijasikia neno zuri kama hilo."

"Nani alikufundisha habari za shahidi?"

"Hakuna. Watu huongea mbele yangu kama wanaongea mbele ya kabati. Yule dada na mwenzake walikuwa wakionyana kila siku: angalia, tone moja la shahidi likidondokea sampuli, sampuli nzima itasema chanya. Nikalishika neno hilo."

"Na kichupa ulikipataje?"

"Anifunguliapo friza, hugeukia mashine yake. Dakika moja inatosha."

"Kwa nini?"

Nje mtu alikuwa akibishana na askari wa zamu kuhusu baiskeli.

"Nilimsikia Sista akisema: vipimo vya wiki hii vikiwa hasi, Bibi anakwenda zake. Nikalala siku hiyo nikiona ua mtupu, dirisha limefungwa. Asubuhi nikatia tone. Nikajiambia ni wiki moja tu. Ikawa mbili. Kichupa kikaisha, nikachukua cha pili. Nilijua amepona. Nilitaka abaki. Basi, hakuna lingine."

"Pale ukumbini kuna mwashi amelala sakafuni kwa kukosa chumba."

"Namruka kila asubuhi na boksi langu. Namwona."

"Na yule dada kesho saa nne anafukuzwa kama mwizi."

Hapo Barafu alilia. Alilia vibaya, kama wanavyolia watu wasio na mazoea, na Inspekta akatazama kompyuta mpaka machozi yaishe.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Mteknolojia alirudishiwa ufunguo wake kabla ya saa sita. Kamati ikafutwa, na barua yenye neno lile haikuandikwa. Shahidi mwingine aliazimwa kutoka hospitali jirani, sampuli ya chumba cha nne ikapimwa mara mbili. Bakteria: hakuna. Saa tisa alasiri mwashi aliinuliwa kutoka sakafuni akalazwa kwenye kitanda cha Bibi Chapa, shuka mpya. Barafu angefikishwa mahakamani, na kazi ya kubeba ndiyo ilikuwa imekwisha.

Bibi Chapa hakwenda nyumbani. Saa kumi aliingia kituoni na mkoba wake, miguuni bado na kandambili za wodi, akasema ameambiwa yeye ndiye aliyetendewa kosa, kwa hiyo anataka kusoma kilichoandikwa kabla hakijatiwa sahihi.

Inspekta alikuwa amemaliza kuchapa, kwa kidole kimoja. Sheria haikumlazimisha kumwonyesha. Alimwonyesha.

Bibi Chapa alivaa miwani. Barafu alikuwa upande wa pili wa meza, kichwa chini.

"Nisamehe, Bibi," alisema Barafu akiwa ameangalia meza. "Nimekufunga wiki tatu kama kuku."

Bibi Chapa alisoma hadi mwisho, akarudi katikati, akaweka ukucha juu ya mstari.

"Pana kosa la chapa."

"Wapi?" aliuliza Inspekta.

"Hapa. 'Nilijua amepona.' Herufi mbili. Toa 'ni', weka 'tu'."

Inspekta alielewa, akatamani asingeelewa. "Tulijua?"

"Tumbo ni langu, baba. Tangu lini mtu akapona asijue? Wiki tatu nimekaa kitandani nikijifanya karatasi zinanijua kuliko ninavyojijua. Yule mwashi sikumwona, na kwa hilo Mungu anisamehe. Lakini kwamba nimepona nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekwenda nyumbani. Nyumbani kuna nani?"

Inspekta aliikumbuka redio yake. Alikohoa.

"Haya ni maelezo yake, mama, si yako. Nikiandika 'tulijua', wewe nawe utakuwa ndani ya jalada."

"Niandike. Humo angalau nitakuwa na mwenzangu."

Barafu alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama kama mtu aliyesomewa hukumu ya kesi nyingine. "Ulijua ni mimi?"

"Sikujua ni nani, wala anafanyaje. Nilijua kuna mtu ananibakiza. Kila asubuhi niliomba asichoke."

Yule wa baiskeli alikuwa ameshakwenda zake.

"Wewe ndiye mwenye maelezo," Inspekta alimwambia Barafu. "Unasemaje? Tuache 'ni', au iwe 'tu'?"

"Iwe tu," alisema Barafu.

Inspekta alivuta kiti, akaanza kuitafuta herufi T kwa kidole chake kimoja. Bibi Chapa alivumilia kidogo, akashindwa.

"Sogea, baba. Utatumaliza."

Alikaa mbele ya kompyuta, akanyoosha mgongo, vidole kumi vikashuka kwa pamoja. Hakurekebisha herufi mbili akaishia hapo. Alianza ukurasa upya kutoka juu, jina, umri, kazi, tarehe, akisema kwamba karatasi yenye kosa haisahihishwi, inachapwa tena. Inspekta alijua si lazima. Alihama, akaenda kukaa upande wa Barafu, wakasikiliza.

Mkuu wa kituo alichungulia mlangoni, funguo za gari mkononi. Saa kumi na moja ilikuwa imepita.

"Mzee, bado hujaenda nyumbani?"

"Bado, afande," alisema Inspekta. "Tunachapa."